FASH: vidoti vyeusi vya bandama vinaonekana kwa probu bapa tu. Niandike nini kwenye ripoti?

Sonografa_Wilaya

Habari za kazi wakuu.

Wodi ya wagonjwa wa ndani, hospitali ya wilaya. Wanaoletwa kwa FASH (ultrasaundi ya haraka ya kutafuta dalili za TB kwa wenye VVU) wengi ni watu wenye VVU, CD4 (seli za kinga) chini ya 100, wamekonda, homa ya wiki kadhaa, na makohozi ama hayatoki kabisa ama GeneXpert (kipimo cha maabara cha TB, kwa kifupi Xpert) haijaona kitu. Mashine ni ya kubebeka, ina probu (kichwa kinachowekwa kwenye ngozi) mbili: ya mviringo ya tumbo, megahezi 2 hadi 5, na bapa ya mishipa na tezi, megahezi 5 hadi 12.

Kinachonisumbua ni hiki. Kwa probu ya tumbo bandama linaonekana safi, kijivu kilekile mwanzo hadi mwisho. Nikibadilisha na kuweka probu bapa, bandama hilohilo linatoka vidoti vyeusi vya milimita 3 hadi 6, vingi. Nihesabu kuwa FASH chanya? Au ni mashine inanichezea?

La pili, tezi karibu na aota (mshipa mkuu wa damu) zenye sentimita 1.2 au 1.3. Itifaki inasema 1.5. Wanaonifuata kwa ripoti ni matabibu, na wakiona neno "tezi" tu dawa za TB zinaanza jioni hiyo hiyo.

La tatu ni lugha ya ripoti yenyewe. Kuna wanaoandika "TB ya tumbo" moja kwa moja. Mimi nasita.

---

Mzee_wa_Jeli

Mkuu, mashine haikuchezei. Ndivyo bandama lenye TB iliyosambaa linavyojificha.

Probu ya tumbo kwa megahezi 3.5 haitenganishi vitu vidogo vilivyokaribiana. Kidoti cha milimita 4 kinamezwa na chembechembe za kijivu za picha yenyewe, hasa kama fokasi umeiacha kwenye sentimita 10 wakati bandama liko sentimita 3 chini ya ngozi. Probu bapa inakata vipande vyembamba zaidi na bandama liko karibu na ubavu, kwa hiyo ndiyo chombo chake halali. Tatizo la probu bapa ni kina: ukipita sentimita 6 au 7 picha inakufa. Kwa mgonjwa aliyekonda hilo si kikwazo. Kwa mnene utaona nusu ya juu ya bandama, na uandike kwamba umeona nusu.

Jinsi ya kulipata vizuri. Mgonjwa alale ubavu wa kulia kidogo, mkono wa kushoto juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Probu uiweke kati ya mbavu, kwenye mstari wa nyuma wa kwapa, mara nyingi nafasi ya 9 hadi ya 11, na uizungushe ifuate mwelekeo wa ubavu, si wima kabisa, la sivyo vivuli vya mbavu vitakukatia picha vipande vipande. Wengi hapa humwambia mgonjwa "vuta pumzi ndani, shikilia". Kwa ini ni sawa. Kwa bandama mara nyingi ni kosa, maana pafu linashuka kama pazia na kulifunika. Mwambie apumue nje taratibu, abaki hapo sekunde tano.

Mashine: kina sentimita 5 au 6, fokasi katikati ya bandama, geini (mwangaza wa picha) ya jumla ipunguze mpaka damu ndani ya mishipa iwe nyeusi kabisa, kisha rudisha kidogo. Vitelezi vya geini kwa kina vipange mpaka kijivu cha juu na cha chini vilingane. Halafu kuna kitu kinachosahaulika: mashine mpya huja na ulainishaji wa picha umewashwa hadi juu. Picha inapendeza kweli, lakini ulainishaji ule unafuta hivyo vidoti unavyovitafuta. Ushushe. Na ule wastani wa fremu nao ushushe, kwa sababu mgonjwa anapumua kwa kasi na fremu zikichanganywa kidoti kinapakwa kama wino kwenye maji.

Sasa kabla hujakiita kidoti, kifanyie mambo mawili. Zungusha probu nyuzi 90 palepale. Kidoti cha kweli hubaki duara. Mshipa uliokatwa hugeuka kuwa mfereji. Kisha weka Doppla ya rangi (huonyesha damu inayotembea), kasi ndogo, sentimita 5 hadi 10 kwa sekunde. Kikijaa rangi ni mshipa. Karibu na mlango wa bandama (panapoingia mishipa yake) makosa ya namna hii ni mengi mno, kwa hiyo vidoti vilivyo pale tu mimi sivihesabu mpaka nivione na kwingine.

Vya TB kwa kawaida ni vingi, vimetawanyika, vina ukubwa unaokaribiana, chini ya sentimita 1, kingo hazijachorwa kwa kalamu, na ndani si nyeusi tii kama maji bali kijivu kizito. Ukikata kitumbua katikati ukatazama vile vitundu, umepata sura yake. Kimoja kikubwa cha sentimita 3 chenye ukuta ni habari nyingine, fikiria jipu la bakteria. Vyeupe vinavyong'aa ni makovu ya zamani, usiviite TB hai.

Tezi: 1.5 ya FASH ni kipimo cha upande mrefu. Ndiyo maana inachanganya watu waliozoea CT, ambako hupimwa upande mfupi na mpaka huwa sentimita 1. Kiwango kiliwekwa juu makusudi, kwa sababu VVU vyenyewe vinaweza kuvimbisha tezi kidogo bila TB yoyote. Kwa hiyo 1.2 iliyo peke yake, umbo la haragwe, kitovu chake cheupe kipo: andika ukubwa, andika haifikii kiwango, basi. Lakini tezi sita za 1.2 zilizoshikana kama kichane cha ndizi, katikati zimekuwa nyeusi, siwezi kuzipita kimya eti kwa sababu ya milimita 3. Katikati nyeusi ni tishu iliyooza. Hiyo ina uzito kuliko rula.

Vinavyoigiza tezi: utumbo uliokatwa (subiri sekunde 20, utacheza), mguu wa diaframu pembeni ya aota, mshipa wa figo la kushoto unapopita mbele ya aota, na bandama dogo la nyongeza mlangoni mwa bandama. Hilo la mwisho lina kijivu kilekile cha bandama na ni duara kamili. Limeanzisha matibabu ya watu wengi bure.

Ripoti mimi naandika "inaendana na TB iliyosambaa".

---

Dokta_wa_Wodi

Nakubaliana na Mzee kwa kila kitu isipokuwa mstari wake wa mwisho.

Usiandike "TB ya tumbo", na hata "inaendana na TB" iweke mbali na matokeo. Probu haioni bakteria. Inaona maji, tezi na vidoti. Ukiandika jina la ugonjwa, mtabibu wa zamu usiku hatasoma mstari wa pili, atatibu jina. Andika ulichoona, kipimo chake, ulichoshindwa kuona, kisha mstari tofauti wa maoni wenye mbadala angalau mmoja unaopaswa kukanushwa.

Kwa nini nang'ang'ania? Mapitio ya Cochrane (majumuisho ya tafiti nyingi) ya 2019 kuhusu ultrasaundi ya tumbo kwa watu wenye VVU yalitoa usikivu (wenye TB wanaonaswa) wa asilimia 63 na umahususi (wasio na TB wanaotoka hasi) wa asilimia 68, pale TB ilipothibitishwa kimaabara. Wigo wa makadirio ni mpana, na hapo ni tumbo tu, kasoro yoyote, bila moyo wala kifua. Lakini chukua namba hizo uzipeleke wodini. Tuseme kati ya wagonjwa 100 kama wa mleta mada, 40 wana TB kweli. Ultrasaundi itawanasa 25 na kuwakosa 15. Kati ya 60 wasio na TB, 19 watatoka chanya. Chanya jumla 44, wenye TB 25, yaani zaidi kidogo ya nusu. Hasi 56, na ndani yao wapo 15 wenye TB.

Hamisha sasa mashine ileile kliniki ya nje, ambako kwa kila 100 wenye TB ni 10. Chanya zitakuwa 35, wenye TB ni 6. Picha haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mtu uliyemlaza kitandani. Ndiyo sababu FASH ilibuniwa kwa ajili ya sehemu zenye VVU na TB nyingi. Tom Heller na wenzake walioandika itifaki fupi mwaka 2012 walikuwa wanazungumzia wagonjwa wa Afrika Kusini, si kila mwenye maumivu ya tumbo.

Maana ya pili ya hesabu hiyo: FASH hasi haimwondolei mtu TB. Wale 15 wanarudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa "kawaida".

Kwa hiyo picha ikiwa chanya, itumie kuonyesha sindano iende wapi. Hapa probu bapa ina kazi nyingine ambayo watu hawaitumii: baada ya tumbo, pitisha shingoni, juu ya mtulinga na kwapani. Mtoki wa shingo wa sentimita 2 unafikiwa na sindano kitandani, na maji yake kwenye Xpert hutoa jibu vizuri zaidi kuliko maji ya kifuani. Maji ya utando wa mapafu Xpert huyakosa mara nyingi, hasi yake isikuzuie.

Na mkojo. Kipimo cha LAM (utepe unaotafuta chembe za bakteria wa TB kwenye mkojo) kilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani 2015, na 2019 mapendekezo yakapanuliwa: mgonjwa aliyelazwa mwenye VVU na dalili za TB hupimwa bila kujali CD4. Mikrolita 60 kwenye utepe, soma dakika ya 25, na ikipita ya 35 usisome tena. Wanaosoma baada ya saa nzima wanaona mstari hafifu na kuuita chanya. Vidoti vya bandama pamoja na LAM chanya, hapo sihitaji mjadala.

Visivyo TB vinavyoweza kutoa vidoti au tezi hizohizo kwa mtu wa CD4 ya 60: limfoma, salmonela iliyoingia kwenye damu, fangasi kama kriptokokasi na histoplasma, saratani ya Kaposi. Kwa hiyo damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na CrAg (kipimo cha kriptokokasi) ipimwe. Limfoma ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu mgonjwa anapewa dawa za TB, anapata nafuu kidogo kama ana steroidi juu yake, kisha miezi inapotea.

---

Kanda_ya_Ziwa

Dokta amesahau kwetu. Anayesoma bandama Mwanza, Ukerewe au Sengerema bila kukumbuka kichocho atakwama. Kichocho cha utumbo kinajenga makovu kuzunguka mishipa ya lango la ini: kuta nene, nyeupe, kama mabomba yaliyopakwa chokaa, na bandama linakuwa kubwa kwa sababu damu imezuiwa. Maji ya tumboni yanaweza kufuata. Hapo unaona bandama la sentimita 18, maji, na mtu ana VVU. FASH imehesabika chanya kwa maji, wakati chanzo kimekaa ndani ya ini na hakuna aliyelitazama. Pima mshipa wa lango. Ukizidi milimita 13 kwa mtu mzima anayepumua kawaida, anza kufikiria shinikizo. Bandama la kichocho linaweza kuwa na vidoti, ila vyeupe vinavyong'aa, alama za damu iliyovuja zamani.

Malaria ya kurudiarudia pia hutoa bandama kubwa sana, lakini kijivu chake ni laini na tulivu, halina vidoti.

Ndugu zetu wa Baringo, Pokot na Turkana waongeze kala-azar (ugonjwa wa vimelea) kwenye orodha. Homa ndefu, kukonda, bandama kubwa, tezi: inafanana na TB kama pacha.

Na maji ya tumboni yachomwe. Mililita 20 za maji zinasema zaidi ya picha 20. Tofauti ya albumini (aina ya protini) ya damu na ya maji ikiwa gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, tatizo ni shinikizo la mishipa ya ini au moyo. Ikiwa chini, TB na saratani zinapanda juu. Angalizo: mtu anaweza kuwa na kichocho na TB kwa pamoja, hapo tofauti hiyo hukuficha.

---

Sonografa_Wilaya

Ahsanteni sana. Nimeshusha ulainishaji, kweli tofauti ipo, hata kwa probu ya tumbo.

Mawili zaidi. Moyo kwa kupitia chembe cha moyo: naona ukanda mweusi mbele ya moyo, milimita 6 au 7, kwa wagonjwa wengi tu. Ni maji au mafuta? Pia maji ya kifua cha kushoto yananichanganya na maji ya mfuko wa moyo.

Halafu mgonjwa aliye kwenye dawa za TB, wiki ya tatu tangu aanze ARV, tezi zilizokuwa 1.8 sasa ni 2.6. Dawa zimeshindwa?

---

Echo_Pwani

Moyo niachieni mimi.

Kwanza mkao wa probu, maana nusu ya matatizo yanaanzia hapo. Mgonjwa akunje magoti ili tumbo lilegee. Probu ishikwe kwa juu, si kama kalamu, ilazwe karibu sawa na ngozi, nyuzi 15 hadi 20, ielekezwe bega la kushoto, kina sentimita 18 hadi 20. Ini ndilo dirisha lako. Ukiona utumbo umejaa gesi, sogea kulia kidogo uingie kwenye ini ndipo uelekee kushoto. Mgonjwa avute pumzi na kushikilia, hapa pumzi ya ndani inasaidia kwa sababu moyo unakufuata chini.

Mafuta hukaa mbele tu. Yana vinyuzi vya kijivu ndani na yanacheza pamoja na moyo kana kwamba yameshonwa juu yake. Maji humfuata mgonjwa alivyolala: akilala chali yanatangulia kukusanyika nyuma. Kwa hiyo ukanda wa mbele wa milimita 6 bila chochote nyuma ni mafuta mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa mgonjwa aliyekonda sana, mafuta yenyewe ni machache, hapo angalia mara mbili.

Pima wakati moyo umejaa, si umejikunja. Chini ya milimita 10 ni maji kidogo, 10 hadi 20 ya wastani, zaidi ya 20 ni mengi. Ya TB mara nyingi yana nyuzinyuzi zinazopepea kama mwani, na utando wa mfuko mnene. Nyuzi hizo peke yake hazithibitishi TB, lakini mgonjwa wako akiwa na VVU na maji ya milimita 15 yenye nyuzi, TB ndiyo ya kwanza.

Kutofautisha na kifua cha kushoto: ondoka kwenye chembe, nenda pembeni ya mfupa wa kifua, nafasi ya tatu au ya nne kushoto, mkato mrefu wa moyo. Tafuta duara la aota inayoshuka nyuma ya chumba cha juu cha kushoto. Maji ya mfuko wa moyo hupita mbele ya duara hilo, kati yake na moyo. Maji ya kifua hubaki nyuma yake. Yakiwepo yote mawili utaona utando mweupe katikati kama ukuta wa nyumba mbili zilizoshikana.

Kwa upande wa kifua chenyewe, ishara ninayoiamini ni uti wa mgongo. Hewa ya pafu huficha pingili juu ya diaframu. Zikionekana zinaendelea kupanda juu yake, kuna maji. Tumbo la chakula lililojaa baada ya uji linaweza kukudanganya upande wa kushoto, na ini refu la kushoto linalofika hadi kwenye bandama hutoa ukanda mweusi unaofanana na maji kabisa. Hilo ini lina mishipa ndani yake, Doppla itakuambia.

Usiishie kwenye milimita. Maji ya milimita 12 yaliyojaa haraka yanaweza kuua, ya 25 yaliyojaa polepole yakavumiliwa. Tazama chumba cha kulia cha chini: kikibonyea ndani mwanzoni mwa kujaa, kinabanwa. Chumba cha juu cha kulia hubonyea mapema zaidi. Kisha vena kava ya chini (mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni): ikizidi sentimita 2.1 na haipungui hata nusu mgonjwa akivuta pumzi, pamoja na presha inayoshuka na mapigo ya 120, hiyo si ripoti ya kuacha mezani. Ni simu, sasa hivi. Na asipewe dawa ya kupunguza maji mwilini kwa kudhani moyo umechoka. Utamwondolea kile kidogo kinachojaza moyo wake.

---

Dokta_wa_Wodi

Kuhusu tezi kutoka 1.8 hadi 2.6: wiki ya tatu ya ARV ndiyo wakati wake hasa. Kinga imeamka na inapigana na mabaki ya TB, tezi zinavimba, katikati zinazidi kuoza, homa inarudi. Hali hii huja zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya ARV, na CD4 ikiwa ilianza chini sana uwezekano ni mkubwa. Picha haiwezi kuitofautisha na dawa kushindwa kazi. Kinachotofautisha ni maswali: je, alikuwa amepata nafuu kwanza kabla ya ARV? Anameza dawa kweli? Rifampisini (dawa kuu ya TB) imepimwa usugu kwenye Xpert? Jibu la tatu likikosekana, sampuli itafutwe upya kabla ya mtu kuzungumza juu ya steroidi. Na kama tezi zinakua huku hajawahi kupata nafuu hata siku moja, rudi kwa limfoma niliyotaja juu na uchukue kinyama.

ARV haziachwi kwa sababu ya ripoti yako, ila kama maisha yapo hatarini na hilo si lako kuamua.

Ratiba ya kurudia picha: usipige kila wiki, utajitafutia kelele. Mwanzo, mwisho wa miezi miwili ya RHZE (dawa nne za TB za mwanzo), na mwezi wa tatu au wa nne kama kuna shaka. Maji na vidoti vya bandama kwa wengi hupungua wazi ndani ya miezi mitatu hivi. Tezi ni wazembe zaidi, na zinaweza kubaki na ganda jeupe hata baada ya kupona. Upimaji wa marudio uwe kwenye tezi ileile, mkato uleule, la sivyo unalinganisha embe na nanasi. Hifadhi picha yenye alama ya mahali (mbele ya aota, kiwango cha figo la kushoto, kwa mfano). Ukitumia simu kupiga kioo cha mashine, jina na namba ya mgonjwa visiwemo kwenye fremu.

---

Mzee_wa_Jeli

Kwa ripoti nimekubali kusahihishwa, Dokta. Basi tumpe mleta mada kielelezo anachoweza kunakili:

*"FASH, probu ya tumbo na probu bapa. Mfuko wa moyo: hakuna maji. Kifua: maji kulia, kina sentimita 4, nyuzi zipo, kushoto hakuna. Tumbo: maji kidogo kati ya ini na figo la kulia. Ini: kijivu sawa, kuta za mishipa ya lango si nene, mshipa wa lango milimita 11. Bandama: sentimita 13.5, vidoti vyeusi zaidi ya 10 vilivyotawanyika, kikubwa milimita 6, vimeonekana kwa probu bapa tu, havina mtiririko kwenye Doppla. Tezi: karibu na aota, nne, kubwa 2.1 kwa 1.4, katikati nyeusi. Eneo la kongosho halikuonekana kwa sababu ya gesi. Shingo: mtoki wa kushoto 1.9, unafikika kwa sindano.*

*Maoni: kwa mgonjwa mwenye CD4 ya 45, TB iliyosambaa iko juu. Salmonela, fangasi na limfoma havijaondolewa. Nashauri LAM, sindano ya mtoki wa shingo kwa Xpert, damu ya kuotesha, CrAg."*

Ona "vimeonekana kwa probu bapa tu". Sentensi hiyo inamlinda atakayerudia baada ya miezi miwili akiwa na probu ya tumbo peke yake na kutangaza kwamba bandama limepona.

Kuhusu kufunga kula: saa sita zinasaidia kuona tezi za mlango wa ini, lakini mgonjwa mahututi asisubiri. Gesi ikikuzidi, bonyeza polepole kwa probu na ushikilie, gesi husogea. Akiweza kunywa, mililita 300 hadi 500 za maji akiwa ameketi hufungua dirisha la kongosho, ila tazama kifua na bandama kwanza, kabla tumbo halijajaa maji ukaja kuyaita ya ugonjwa.

---

Sonografa_Wilaya

Nimenakili. Probu husafishwa kwa nini baada ya mgonjwa wa aina hii? Hapa kuna spiriti tu.

---

Echo_Pwani

Futa jeli yote kwanza kwa karatasi kavu, maana dawa yoyote juu ya jeli inafanya kazi ya bure. Kisha kitambaa chenye maji na sabuni laini, kausha, halafu dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine yako. Spiriti inapasua mpira wa uso wa baadhi ya probu. Dalili ya kwanza ni mistari myeusi ya wima isiyohama ukisogeza probu. Ikiwa ngozi ya mgonjwa ina kidonda, vika probu mfuko au glavu yenye jeli ndani.

TB yenyewe haipiti kwenye probu, inapita hewani. Madirisha wazi, feni isikupulizie kutoka kwa mgonjwa, barakoa ya N95 usoni mwako, na anayekohoa apewe barakoa ya kawaida. Waya wa probu nao ufutwe, huwa umelala kifuani kwa kila mgonjwa na hakuna anayeukumbuka.